Mguu wa Mama na Nyayo za Mwezini

Vienna,
Jumapili, baada ya misa.

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Najua umeitikia kwa ile sauti yako ya kumwitikia mtu aliye ng'ambo ya mbuga, na Minza anayekusomea amelazimika kungoja marahaba iishe ndipo aendelee. Minza, nawe mwangaluka, umeamkaje? Msomee babu polepole, usiruke mistari kama unavyoruka masomo kanisani ukiona yana majina magumu.

Mimi ni mzima wa mwili. Baridi imepungua, ingawa bado navaa soksi mbili mbili, na mama mwenye nyumba ninayopanga ananicheka kwamba wenzangu wameshaanza kukaa nje kuota jua. Nakula, nalala, naenda kazini. Wiki hii nilisonga ugali kwa unga wa dukani unaofanana na chokaa, haukushikana, nikaula kwa kijiko huku naona aibu peke yangu. Vipi wewe? Goti linakuruhusu kufika majarubani, au bado unamwachia kaka Shija kila kitu halafu unamlaumu kwa alivyokifanya? Yule mtamba mwekundu ameshazaa? Shija aliniambia mpunga umeanza kuchanua. Nilifurahi, kisha nikakumbuka kwamba huenda ndio mpunga wa mwisho kuvunwa pale kwetu, furaha ikaniishia mdomoni.

Barua hii inaletwa na dada mmoja wa Mwanza aliyekuwa akisoma uuguzi huku. Ataikabidhi kwa kondakta wa basi la Kharumwa, na Shija ataifuata stendi. Nimeiandika kwa sababu juzi kwenye simu ulikataa kunisikiliza. Ulisema maneno ya simu yanapeperuka, unataka karatasi, tena yenye mhuri wa huku, uisome mbele ya mkutano wa kitongoji na mbele ya wale watu wa uthamini, wanaopima fidia zetu ili tuhame kupisha mgodi. "Mayu, mama yangu," uliniambia, "wewe unashika sheria za juu kabisa. Za chini zitakushindaje?" Nikanyamaza. Wewe ukadhani mtandao umekatika, ukawa unaita haloo, haloo. Haukukatika, Baba. Ni mimi niliyekosa la kusema.

Basi nianze na hizo sheria za juu, maana naona zimekuzwa kuliko zilivyo.

Mwenyekiti wa kitongoji anawaambia watu kwamba binti ya Mzee Bundala ni hakimu wa mwezini. Mfikishie salamu zangu, lakini mwambie mwezini hakuna mahakama, na ingekuwapo wasingenipa mimi. Mimi ni karani wa kisheria wa wajumbe wetu kwenye mkutano wa mataifa kuhusu anga. Wakubwa wanakaa mbele, kwenye kibao chenye jina la nchi. Mimi nakaa nyuma yao, naandika wanachosema wengine, na wakati wa mapumziko nawanong'oneza maana yake. Ni kazi nzuri na naishukuru. Ila nguvu iliyo ndani yake ni ile ya mtu anayeshika taa wakati wengine wanachimba.

Kinachozungumzwa ni hiki. Huko mwezini, upande wa kusini kabisa, kuna mashimo ambayo jua halijawahi kuingia, na inaaminika ndani yake kuna barafu. Barafu ni maji, na maji huko yanapita dhahabu, kwa sababu mwenye maji anaweza kukaa, na anaweza pia kuyageuza kuwa mafuta ya kuendeshea vyombo vyake. Mashimo mazuri ni machache. Vilele vinavyopata jua karibu wakati wote ni vichache zaidi. Kwa hiyo, Baba, ile unayoiona huko kwetu kila ikisikika kwamba mtu kaokota punje za dhahabu kwenye shamba la fulani, mpaka walimu wanaacha chaki, ndiyo inayokuja huko juu. Ni rashi. Tofauti yake ni kwamba rashi yetu huendwa hata na asiye na viatu, na hiyo wataikimbilia wenye roketi peke yao.

Sheria ya zamani inasema mwezi si wa taifa lolote, na hakuna wa kuchomeka bendera akasema hapa ni kwangu. Vizuri. Lakini baadhi ya wakubwa wanasema: sawa, ardhi si yetu, ila tukichimba, kitakachotoka na sepetu ni chetu. Wengine wanawajibu: ukishakitoa chote, hiyo ardhi ya watu wote umewaachia nini? Wanataka uchimbaji wa kiasi, wa kuwakumbuka hata ambao bado hawajazaliwa. Hapo ndipo wanapobishana tangu asubuhi hadi jioni. Mwenzangu mmoja wa kazini alinisifia kwamba nimeyaelewa haraka. Sikumwambia kwamba nimekulia juu ya leseni ya uchimbaji ya mtu. Wewe ndiye uliyenifundisha, tangu nikiwa nakufuata na kikombe cha uji shambani, kwamba sisi wakulima tunamiliki ngozi tu, nyama ni ya mwingine.

Siku moja niliwaandikia wakubwa wangu pendekezo. Nilisema kule kwetu duara, yaani shimo la wachimbaji, likitoa mawe ya dhahabu, hata mwenye shamba asiyeshika sururu hupewa mifuko yake, kwa sababu shimo limepita kwenye ardhi yake. Basi kama mwezi ni shamba la watu wote, watu wote watengewe mifuko. Mkuu wa msafara wetu alilisoma mbele ya mkutano kwa maneno mazuri kuliko yangu. Wakapiga makofi kidogo. Halafu wakaliweka kwenye mabano. Huku, maneno ambayo mkubwa mmoja hayataki hayafutwi siku hiyo hiyo. Yanafungiwa kwenye mabano, kama jogoo aliyefungwa mguu akingoja wageni, na siku ya mwisho ya kikao yanachinjwa. Langu lilichinjwa jioni, wajumbe wakiwa wameshavaa makoti.

Nakueleza haya yote, Baba, ili uone ninapokaa kabla sijafika kwenye jambo la nyayo, ambalo ndilo lililotufikisha hapa.

Watu wa kwanza kutua mwezini waliacha alama za viatu vyao vumbini. Huko hakuna upepo wala mvua, ng'ombe hawapiti, kwa hiyo alama ziko vile vile mpaka leo. Sasa vyombo vipya vikitua karibu vinarusha vumbi kwa nguvu sana, na vumbi hilo linaweza kuzifuta. Basi kuna nchi zinazotaka iwekwe mipaka kuzunguka mahali pale, asisogee mtu wala mtambo. Nilikusimulia habari hiyo Jumapili moja kwa sababu nilikuwa nimechoka na nilitaka tucheke. Hukucheka. Uliniuliza, "Wanazizungushia uzio? Nyayo tu?" Nikakujibu wanataka, bado wanabishana. Wewe ukachukua "wanataka", hiyo "bado wanabishana" ukaiacha kwenye simu.

Ningejua unawaza nini ningempigia Shija papo hapo. Ulikuwa unauwaza mguu wa Mama.

Minza hakumkuta bibi yake, kwa hiyo niruhusu nimsimulie, nawe unisahihishe nikikosea. Minza, mwaka mmoja pamba ililipa vizuri, babu yako akaita fundi kutoka Kharumwa aje asakafie baraza. Saruji ikiwa bado mbichi, fundi amefunga kamba asipite mtu, wingu zito likajifunga upande wa Geita. Bibi yako alikuwa ameanika mpunga uani. Tone la kwanza lilipodondoka alitoka ndani mbio na ungo, akasahau kamba, akamsahau fundi, akakanyaga pembeni kabisa ya baraza kwa mguu wa kulia, akaruka. Mpunga ukapona. Fundi akapiga kelele na kushika mwiko wake apasawazishe. Babu yako, ambaye kila mfuko wa saruji ile alikuwa ameulipa huku anaugua, akamshika mkono akasema, "Acha. Huyo ndiye mwenye nyumba. Kagonga mhuri wake."

Mguu wenyewe unaujua, umeukanyaga mara nyingi bila kuuliza. Ni mdogo, mpana mbele, na kidole cha mwisho kimemlalia mwenzake. Mimi na baba yako Shija tulikua kwa kipimo hicho. Kila Krismasi, tukitoka misa, tulitia miguu yetu mle kuona imebaki nafasi gani. Wa baba yako ulipita haraka, akabaki kujisifu. Wangu ulikuja kukaa sawasawa nilipokuwa najiandaa kwenda sekondari, mpaka kile kidole cha mwisho. Bibi yako aliutazama, akacheka, akasema, "Basi viatu vyangu havina usalama tena humu ndani." Na kweli havikuwa nao.

Baba, wewe na mimi tulishakubaliana kuhusu kaburi. Ulisema mwenyewe kwamba mifupa ni ya mtu na mtu huhama, padri atakuja, tutachinja, na Mama atatufuata tunakokwenda. Nilikusikia ukisema hivyo kwa utulivu, nikamshukuru Mungu. Nyumba pia ulishaanza kuiaga. Kilichokushinda ni kile kipande cha baraza, kwa sababu kaburi huhamishwa, lakini alama ya mguu haina namna ya kuhamishwa. Shija alijaribu kuikata kwa patasi, saruji ni nyembamba, ufa ukakimbia kuelekea kisigino, nawe ukamkamata mkono. Alinisimulia kwamba hujawahi kumshika kwa nguvu vile tangu utoto wake.

Ndipo ukajenga ule ukuta.

Shija alinipigia akianza kwa kicheko. Akasema umepanga tofali mbichi kuzunguka mguu wa Mama, umepanda na minyaa kwa nje, na unawafukuza hata kuku. Nami nilicheka. Nilijiona nikikusimulia habari za mwezini na wewe ukienda kukanda udongo, nikasema huyu ndiye baba yangu. Halafu Shija akaacha kucheka, akaniambia kwamba watu wa uthamini walirudi kuhakiki.

Walikwisha kutangaza zuio kwamba hakuna kujenga wala kupanda chochote kwenye eneo la kampuni ya mgodi. Na majirani, kama kawaida, walikuwa wametegesha: vijumba vyembamba visivyo na milango vimeota usiku kucha ili vilipwe fidia, miembe imepandwa imebanana kama vitunguu. Wewe ulikuwa unawatania mbele ya watu. Ulimwambia Baba Doto, jirani yetu, kwamba kwenye kijumba chake atahamia panya, tena panya mwenyewe awe hana familia. Sasa wale vijana wa uthamini wakafika kwako, wakaona tofali mbichi bado zina unyevu. Mmoja akauliza, "Mzee, na hiki ni nini?"

"Mpaka wa nyayo," ukamjibu.

"Nyayo za nani?"

"Za mke wangu. Ndivyo ilivyo sheria ya mwezini. Muulizeni binti yangu, yuko huko wanakoiandika."

Shija anasema walicheka mpaka mmoja akajiegemeza kwenye nguzo ya nyumba yako. Halafu yule mkubwa wao akasema, "Mzee Bundala, kumbe na wewe umetegesha." Na kwenye mkutano wa kitongoji jina lako likasomwa pamoja na la Baba Doto na wengine, na malipo ya nyumba nzima yakasimamishwa. Shija anasema ulikaa kwenye benchi ukatazama chini mpaka mkutano ukaisha, na Baba Doto mwenyewe, uliyemtania kote kule, ndiye aliyekushika mkono kukusindikiza. Hapo nilimwambia Shija anyamaze kidogo. Sikuweza kuendelea kusikiliza.

Nimejaribu, Baba. Nataka ujue nilivyojaribu, japo hakuna kilichotoka.

Kwanza nilipiga simu wilayani. Dada aliyepokea alikuwa na adabu, sina la kumlaumu. Nikamweleza habari ya mguu, mvua, mpunga, fundi, kila kitu. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Dada Kabula, sisi tunathamini nyumba, miti, mazao na makaburi. Nyayo hatuna. Nikisema niiandike, nitaiandika wapi?" Nikamwambia hata mimi kazini kwangu ndivyo ilivyo. Tukacheka wote wawili, kicheko cha watu waliofungiwa nje ya nyumba moja. Alipomaliza kucheka akaniambia jambo moja la kweli, na nitalirudia chini.

Kisha ikafika siku ya kujadili nyayo za mwezini. Mkuu wa msafara alikuwa ametoka kupokea simu, na kwa kawaida yetu aliye nyuma husogea mbele ili kiti cha nchi kisibaki kitupu. Nikakaa pale. Walikuwa wanabishana kuhusu umbali: mpaka uwe mkubwa kiasi gani ndipo vumbi lisifike. Nchi moja ikataka mpana sana, nyingine ikasema ukiwa mpana hivyo si mpaka tena, ni kujitwalia shamba kwa kisingizio cha nyayo. Nikashangaa nimebonyeza kitufe cha kuomba kusema. Nikasikia sauti yangu kwenye vipaza sauti ikiuliza, "Ikiwa alama ya kiatu mwezini inastahili mpaka, mguu wa mtu ulioachwa hapa duniani, juu ya ardhi yenye dhahabu, unastahili nini?"

Mwenyekiti wa mkutano ni mama mtu mzima, mwenye nywele nyeupe. Alinitazama kwa huruma, naweza kusema hivyo. Akanishukuru kwa mchango uliogusa moyo, akasema mamlaka ya kikao kile yanaanzia angani na hayashuki chini ya hapo, akampa nafasi mwingine. Wakarudi kwenye umbali. Jioni aya nzima ya nyayo ikaingia kwenye mabano, ikasukumwa mpaka kikao kijacho. Kwa hiyo hata zile za mwezini, Baba, bado hazijapata ukuta wake. Duniani kote ni wewe peke yako uliyejenga.

Kesho yake mkuu wa msafara aliniita kwenye kahawa. Ni mzee wa wizarani, mpole, mwenye kikohozi kisichoisha. Nilijua nafukuzwa. Akaniambia, "Binti, swali lako si baya. Ila hapa si mahali pake."

"Mahali pake ni wapi, Mzee?"

Alikoroga kahawa ambayo hakuwa ametia sukari. Akasema, "Kwetu lilijengwa bwawa la umeme. Nyumba niliyozaliwa sasa hivi ina samaki ndani. Na mimi nilikuwa kijana wa serikali, ndiye niliyetumwa kuwabembeleza wazee watoke, kwa sababu wangenisikia." Akakohoa. "Walinisikia." Akalipia vikombe vyote viwili, akaondoka, na kuhusu kikao hakuniambia neno jingine.

Wahenga walisema dua la kuku halimpati mwewe. Mimi uliniuzia ng'ombe nikasome, nikavuka bahari, na nilichojifunza ni kuandika dua la kuku kwa lugha ya wanasheria. Nina hasira, Baba, na hasira yenyewe haina pa kwenda. Nikitaka kumkasirikia yule dada wa wilayani, ana adabu. Nikimkasirikia mama mwenyekiti, anasema kweli. Wale vijana walicheka, lakini tofali zilikuwa mbichi na zuio lilikuwapo, hata mimi ningekuwa wao ningeandika hivyo hivyo. Kila ninayemgeukia ana haki yake ndogo, na hizo haki ndogo zikijumlishwa zinatosha kubomoa nyumba.

Kwa hiyo barua uliyoiomba siwezi kuiandika. Nikisema ipo sheria ya kulinda nyayo nitakuwa nimesema uongo. Watu wa uthamini wana simu, wataulizia, na watakucheka mara ya pili ukiwa umeshika karatasi yangu mkononi. Mara ya kwanza imenitosha. Mhuri wa jumba la mkutano siruhusiwi hata kuugusa, unatunzwa ofisini kwa watu nisiowafahamu.

Ninachokuomba ni kinyume chake, na kama umeona nazunguka kurasa zote hizi ni kwa sababu sikutaka kufika hapa. Baba, bomoa ule ukuta. Ndilo jambo aliloniambia yule dada: tofali zikiondoka kabla hawajarudi kuhakiki mara ya mwisho, jina lako linatolewa kwa watu waliotegesha, na nyumba inalipwa kama nyumba. Zikibaki, utahama hivyo hivyo, kwa sababu tingatinga halitakungoja, lakini utahama mikono mitupu na jina limechafuka. Usimwachie Shija, hataweza. Fanya mwenyewe asubuhi mapema, kabla ng'ombe hawajatoka. Tofali zipange pembeni, zitatufaa tuendako. Minyaa ing'oe na mizizi yake ukaipande huko, maana minyaa haina ubishi, itashika popote.

Najua unachosema sasa hivi. Unasema, "Nilimpeleka shule ili aje kuniambia haya?" Sema tu, Baba. Hata mimi nimejiambia.

Kuja siwezi. Niliomba ruhusa nikaambiwa mpaka kikao kifungwe, na nikiondoka kabla yake kiti changu kina wengi wanaokitamani. Ningekuja nisingezuia kitu. Ningesimama karibu yako tu wakati unaondoa tofali, nikipokea moja moja. Hilo nalo siwezi, na ndilo linaloniuma kuliko yote, kwa sababu halikuhitaji sheria yoyote.

Nisalimie Shangazi, mwambie dawa yake ya kifua niliyoipata imo kwenye mzigo huu huu, na asimgawie kila anayekohoa. Nisalimie wifi yangu, mama Minza. Mwambie nilimsikia kwenye simu akilia nyuma ya Shija, ingawa alisema ni moshi wa kuni. Nisalimie mwenyekiti wa kitongoji, hakimu wa mwezini anamsalimu. Nisalimie sana Baba Doto. Mwambie nimesikia alivyokushika mkono siku ile, nami sitausahau mkono ule, na namwombea kijumba chake kilipwe, hata kama hakina mlango. Katekista wetu asiache kutuombea. Na wewe Shija, kaka yangu, mkae karibu mzee atakapofanya hiyo kazi, lakini usimsaidie mpaka akuombe.

Limebaki moja, Baba. Uliniomba mhuri wa huku. Leo niliporudi kutoka misa nimevua soksi zote, nikatandika karatasi sakafuni, nikakanyaga kwa mguu wa kulia, nikauzungushia kalamu. Ndiyo karatasi iliyokunjwa ndani ya hii. Baridi haijaubadilisha, kidole cha mwisho bado kimemlalia mwenzake. Ukishaondoa tofali, iweke pale barazani juu ya mguu wa Mama, na Minza akushikie pembe zake upepo usiichukue. Ukiona imekaa sawasawa, ikunje uitie mfukoni, halafu waache waje. Mhuri mwingine sina.

Ni mimi binti yako,
Kabula